Rangi Chini ya Bolti

Jumamosi, 2 Machi

Mvua bado, lakini mawingu yameshaanza kupiga hodi, kwa hiyo leo nimeshughulikia gari. Nimefungua boneti saa mbili asubuhi, nimeifunga saa kumi na moja jioni. Kutu ilikuwa imeanza kula bati la ndani, upande wa betri. Mtu mwingine angepaka rangi juu juu akaenda zake. Mimi nimefungua kila kilichofungwa pale, hata ule waya mnene wa kusuka unaounganisha injini na bodi. Nimepiga msasa, nimepaka rangi nyeusi ya kuzuia kutu, tabaka mbili, nikasubiri ikauke, ndipo nikarudisha kila kitu mahali pake na kukaza kwa nguvu zangu zote.

Mke wangu aliacha cherehani yake akaja na chai. Gari langu huliita mke mwenza. Aliinama, akatazama ndani, akasema, "Leo mke mwenza amepakwa wanja." Nikamwambia aache wivu.

Nimefundisha Fizikia miaka ishirini na sita, na kama kuna kitu kimoja nimewaambia wanafunzi wangu wote ni kwamba kazi ya nusu nusu ni aibu. Leo sina cha kuonea aibu.

Jumapili, 3 Machi

Nimefungua boneti mara tatu, kuitazama rangi tu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Asubuhi gari liliguna kabla ya kuwaka, na wipa zilikwenda kivivu kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Labda ni baridi.

Ijumaa, 8 Machi

Limeguna tena.

Jumatatu, 11 Machi

Baada ya kipindi cha mwisho gari halikuwaka kabisa. Kidato cha pili walijitolea kunisukuma, na walifanya hivyo kwa nyimbo, kutoka langoni hadi barabara kuu, mvua ikitunyeshea sote isipokuwa mimi niliyekaa ndani na usukani. Muhula huu ndio muhula wa umeme. Asubuhi nilikuwa nimewachorea betri na taa ubaoni, na saa tisa walikuwa wananisukuma. Kuna mmoja aliuliza, kwa heshima zote, kama hili nalo litakuja kwenye mtihani. Nilicheka nao, lakini masikio yalikuwa ya moto.

Jumamosi, 16 Machi

Nimesalimu amri nimelipeleka gari kwa Fundi Swali.

Huyu fundi ni mwanafunzi wangu wa zamani, yapata miaka ishirini sasa. Jina hilo nilimpa mimi. Nilikuwa nafundisha sakiti, nimechora betri, swichi na taa, akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, umeme ukishawasha taa, unarudi wapi? Na unarudi kufanya nini tena, kama kazi imekwisha?" Nilimtazama hivi. Nikamwambia, "Rudia, wa nyuma hawajasikia." Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Mara ya tatu darasa zima lilikuwa linajipigapiga mapaja kwa kicheko, nami nikamwita Bwana Swali, na jina likamganda. Leo limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibanda chake: FUNDI SWALI, UMEME WA MAGARI. Nilipoliona nilijisikia vizuri, kama mtu aliyekuta mti alioupanda umekua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeme umeshajua unaporudi?"

Wateja kwenye benchi walicheka bila kujua wanacheka nini. Yeye alitabasamu akafungua boneti. Alipima kwa mita yake, akaitoa altaneta, ile mashine inayochaji betri, akaenda nayo nyuma ya kibanda, akarudi na kunionyesha kaboni zake mbili, vile vipande vidogo vinavyogusa sehemu inayozunguka. Vilikuwa vimelika kweli, vimebaki kama vipande vya penseli. Akaweka vipya. Gari liliwaka.

Lakini hakufunga boneti. Alisimama na mita mkononi. "Mwalimu, altaneta sasa inatoa vizuri, ila chaji haifiki yote kwenye betri. Naomba nifungue huu waya wa bodi nisafishe chini yake."

"Huo waya nimeufunga kwa mkono wangu wiki mbili zilizopita," nikasema. "Umekazwa kuliko ulivyotoka kiwandani. Usije ukaniharibia rangi."

Aliutazama tena kidogo. "Sawa, Mwalimu," akasema, akafunga boneti.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, jinsi Bwana Swali alivyotaka kunikwangulia rangi mpya ili nimwone anajua kazi. Tulicheka. Nasema tulicheka, ila nikikumbuka vizuri nilicheka mimi.

Jumapili, 17 Machi

Jua. Gari linawaka kwa mguso mmoja.

Jumanne, 19 Machi

Mkuu wa shule aliniomba lifti kwenda kwenye kikao cha wakuu wa shule. Mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Nikawasha taa, wipa na feni ya kioo, na tulipofika kwenye mzunguko wa barabara taa za dashibodi zikaanza kufifia, honi nikiibonyeza inatoa sauti ya bata, kisha gari likafa katikati ya mzunguko. Nyuma yetu magari yakapiga honi zenye afya.

Mkuu alinisaidia kusukuma. Mtu wa miaka hamsini na minane, suti ya kikao, viatu vya kikao, maji hadi vifundoni. Hakusema neno la lawama, na afadhali angesema. Alipofika kando ya barabara alikunja suruali, akatazama saa, akauliza tu, "Si ulisema limetengenezwa?"

Nikamwambia limetengenezwa na Fundi Swali. Nilivyolitamka hilo jina nilijisikia mzigo unatoka begani kwangu unakwenda kwingine.

Jumatano, 20 Machi

Naandika nikiwa bado na hasira.

Asubuhi nilifungua boneti. Altaneta yangu naijua, ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka. Iliyomo ni nyeupe, inang'aa. Nilisimama pale mvua ya rasharasha ikinipiga mgongoni, nikakumbuka kwamba alikwenda nayo nyuma ya kibanda, mimi nikabaki kwenye benchi. Mambo yakajipanga yenyewe kichwani. Alichukua yangu nzima, akanipa kweche kuukuu lililosafishwa.

Baada ya vipindi nilikwenda kwa miguu. Kwenye benchi walikuwa watu saba. Najua ni saba kwa sababu mwalimu huhesabu watu bila kukusudia. Sikumwita pembeni. Nilisimama mbele ya kibanda nikasema, kwa ile sauti yangu ya mstarini, "Altaneta yangu iko wapi?"

Alitoka chini ya gari la mteja, mikono imejaa grisi. "Shikamoo, Mwalimu. Altaneta gani?"

"Yangu. Uliyonibadilishia."

"Sijabadilisha kitu. Ni ile ile. Niliiosha kwa petroli ndipo nikaweka kaboni."

"Uliiosha nyuma ya kibanda, nisikuone."

"Petroli iko nyuma, Mwalimu. Siwezi kuoshea hapa mbele, watu wanavuta sigara." Akaingia ndani akatoka na bahasha ndogo ya kaki. "Kaboni zako za zamani hizi hapa. Uliondoka ukaziacha."

Sikuipokea. Alibaki ameinyoosha mkononi, akauliza polepole, "Ule waya wa bodi, uliufungua?"

Hapo ndipo nilipopanda. Nikamwambia, "Unanifundisha mimi umeme? Wewe? Hukuuelewa darasani, utauelewa kwenye kibanda? Darasani ulikuwa mjinga, sasa umeongeza na wizi." Mama mmoja kwenye benchi aliuvuta mkoba wake karibu. Mwanamume mwingine alisimama, akaenda kwenye gari lake, akaingia, akaondoka bila kuaga. Wakabaki sita.

Fundi aliirudisha bahasha mfukoni akapangusa mikono kwa kitambaa kirefu, kidole kimoja kimoja, mpaka nilipoondoka. Mtu asiye na hatia angenifokea.

Ijumaa, 22 Machi

Katika ofisi ya walimu wote wameshasikia, maana nimewasimulia. Mkuu aliniita. Basi la shule limekuwa likitengenezwa na Fundi Swali kwa miaka mitano. Aliniuliza nina hakika, nikasema mia kwa mia. Basi limepelekwa kwa fundi mwingine, ng'ambo ya soko. Mkuu alisema, "Wewe ndiye mtu wa umeme hapa, neno lako linatosha."

Mvua siku nzima.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Nimekwenda shule kwa miguu.

Jumatano, 27 Machi

Kwa miguu. Mwavuli umevunjika mbavu mbili.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimeitoa altaneta mwenyewe. Nilitaka kuipeleka kwa mkuu wa shule iwe ushahidi, aone kwa macho yake. Niliiweka juu ya gazeti barazani nikaigeuza kuifuta matone ya mvua.

Upande wa chini, pale ambapo hakuna anayetazama, kuna duara dogo lenye msalaba ndani yake. Ni alama ya taa kwenye michoro ya sakiti. Niliichora mimi kwa msumari miaka minane iliyopita, niliponunua gari, kwa sababu nilikuwa nimesikia mafundi huiba vipuri. Niliisahau kabisa. Mtu makini sana mimi, niliweka alama nikasahau kuitafuta.

Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Mke wangu aliuliza kutoka ndani, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani, "Umepata ulichokuwa unatafuta?" Nikasema bado. Niliirudisha, nikakaza, nikanawa mikono mara mbili.

Basi hakuiba. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema kwingine. Hakuiba. Lakini gari bado haliwaki vizuri, kwa hiyo kuna kitu alikiharibu, na nikikipata kitu hicho nitakuwa nimekosea nusu tu.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimefundisha. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 2 Aprili

Mkuu alinisimamisha ukumbini akauliza kama fundi amenirudishia altaneta. Nikasema suala linaendelea. Nilishangaa jinsi sentensi ile ilivyotoka laini.

Alhamisi, 4 Aprili

Siku hizi napita njia ya nyuma, yenye matope, ili nisipite mbele ya kibanda. Leo njia ya nyuma ilikuwa imejaa maji hadi magotini ikabidi nipite mbele. Benchi lilikuwa tupu. Yeye alikuwa amelikalia mwenyewe, anasoma gazeti, nami namjua mtu anayesoma gazeti na anayelishikilia tu. Niliufunika uso kwa mwavuli. Nilimsikia anasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nilitembea kama sikusikia. Mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye mwavuli uliovunjika, nakimbia shikamoo.

Jumapili, 7 Aprili

Nataka kuandika hili kwa utaratibu, kama ripoti ya maabara, maana nikiliandika kwa namna nyingine sitalimaliza.

Ijumaa niliazima mita ya maabara. Leo mvua ilipotulia asubuhi nilimwomba mke wangu akae kwenye usukani anigeuzie ufunguo. Alikuja na gauni la mteja analolipindia upindo, akaketi, sindano mdomoni. Nilipima betri, nzima. Gari lilipokubali kuwaka mara moja nilipima altaneta, inatoa volti kumi na nne, kama alivyosema. Nikafuata waya mwekundu kutoka betri hadi stata, ile mota inayoamsha injini, kiungo kwa kiungo, nikitafuta mahali alipoharibu. Kila kiungo kilikuwa kisafi. Nikaanza upya. Saa mbili nzima nilikuwa nafuata njia ya umeme wa kwenda. Sikugusa hata mara moja njia ya kurudi.

"Geuza," nilikuwa nasema, naye anageuza, gari linaguna. "Geuza tena."

Baadaye alichoka kukaa akatoka kunyoosha mgongo, akaja kusimama kando yangu. Aliweka mkono ndani ya boneti kujishikiza, akautoa upesi.

"Hii waya mbona ya moto kama pasi?"

"Ipi?"

"Hii nyembamba."

Ilikuwa kebo ya mafuta, ile inayovutwa na pedali. Ni uzi wa chuma tu. Haina kazi na umeme, haipaswi hata kuwa vuguvugu. Niliigusa nikaungua kidole, na kabla maumivu hayajafika nilikuwa nimeshaelewa kila kitu, kwa mpangilio, kama mtu aliyefunguliwa daftari la majibu. Umeme wa stata ulikuwa unarudi kwenye betri kupitia kebo ya mafuta, kwa sababu barabara yake imefungwa.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu nilipima kwanza. Mguu mmoja wa mita kwenye injini, mwingine kwenye hasi ya betri. Inatakiwa isome karibu na sifuri. "Geuza," nikasema. Mita ikasoma volti tano na nusu.

Nilichukua spana nikafungua ule waya wa bodi. Chini yake rangi yangu ilikuwa pale, tabaka mbili, nyeusi, inang'aa. Nilikuwa nimepaka mahali hasa ambapo chuma kinatakiwa kugusana na chuma, kisha nikafunga juu yake, kisha nikakaza kwa nguvu zangu zote. Umeme ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti peke yake, na mvua zilipoanza na meno yakaota kutu, hata hapo pakaziba. Nimefundisha miaka ishirini na sita kwamba rangi haipitishi umeme. Naliuliza kwenye mtihani kila mwaka, alama mbili.

Nilipiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Nikafunga. Mke wangu aligeuza ufunguo na gari likawaka kabla hajauachia.

Nilitegemea acheke. Ningeshukuru kama angecheka, aniambie mke mwenza amepona. Alizima gari, akachomoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye gauni.

"Yule fundi alikuambia nini kuhusu huo waya?"

Alikuwa anajua fundi alichoniambia. Nilimsimulia mwenyewe, nikicheka.

"Alitaka kuusafisha," nikasema.

"Na altaneta?"

"Ni yangu. Nina alama yangu pale chini. Nimejua tangu wiki iliyopita."

Alinitazama kama anavyotazama kitambaa alichouziwa kwa bei ya kizuri, amekifikisha nyumbani anakiona kwenye mwanga. "Wiki iliyopita, Mwalimu," akasema. Akiniita Mwalimu ndani ya nyumba huwa najua kuna kesi, lakini safari hii hapakuwa na kesi. Alichukua gauni lake akaingia ndani, na cherehani haikulia mpaka jioni.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimefundisha sakiti upya. Safari hii nilianza kuchora waya wa kurudi.

Jumanne, 9 Aprili

Nilikwenda kibandani saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kabla wateja hawajaja. Nimechagua saa ile kwa makusudi, na naandika hivyo kwa sababu nimeamua daftari hili lisiwe na uongo mwingine.

Alikuwa anafungua kufuli. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama karibu sana naye, kwa sauti ya chini. Rangi, kebo ya moto, alama ya taa. Nikasema nimemkosea, anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuna mahali aliponikatiza.

"Nimekusikia, Mwalimu," akasema. Akainua mlango wa bati, ukapiga kelele. Kisha akasema, bado ananipa mgongo, "Siku ile hukuniita pembeni."

Nilisimama. Alitoa meza yake, akapanga spana kwa saizi, akanikuta bado nimesimama.

"Tangu siku ile watu wakileta gari wanasimama juu ya kichwa changu mpaka nimalize. Walioleta ni wachache. Mama yangu ameulizwa sokoni. Basi la shule lilikuwa nusu ya kazi yangu." Alisema bila kupandisha sauti. "Ulikuja saa tisa, benchi limejaa. Leo umekuja saa kumi na mbili kasoro."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelowa ingawa mvua haikunyesha, maana jasho lilikuwa limenitoka shati zima. Nilikwenda kununua msamaha wa bei ya chini, na muuzaji amenitambua.

Alhamisi, 11 Aprili

Jana nilishindwa. Leo nimeweza. Katika ofisi ya walimu, wakati wa chai, wote wakiwemo, nilisimama nikasema kwamba Fundi Swali hakuniibia kitu, kwamba nilimzulia, kwamba kosa lilikuwa langu na nilikuwa nimelijua nikanyamaza. Mwalimu wa Jiografia aliendelea kukoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Hakuna aliyenitazama. Nilidhani nitajisikia mwepesi na sikujisikia.

Mkuu aliniita ofisini. Alikuwa na haki ya kunifokea, hakufoka. Alisema basi litarudi, na kwamba shule itaandika barua ya kumtaka radhi, ibandikwe pale kibandani kama mwenyewe atapenda. Akavuta karatasi.

"Jina lake kamili?"

Nikafungua mdomo.

"Risiti zake zote anaandika Fundi Swali," mkuu akasema. "Barua ya shule siwezi kumwandikia mtu kwa jina la utani. Wewe si ndiye uliyemfundisha?"

Miaka minne. Nilimsahihishia madaftari miaka minne. Nikasema nitaliangalia kwenye kumbukumbu.

Ijumaa, 12 Aprili

Stoo ya shule inavuja, lakini daftari la mahudhurio la darasa lile limesalimika, limeloa pembe tu. Nilikaa juu ya dawati bovu nikalisoma. Majina arobaini na moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na vyema vyangu kila asubuhi. Nililisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Yeye ni mmoja wao. Sikuweza kusema ni yupi.

Kwa hiyo nilichukua jina la mtoto wa watu nikalifuta, nikampa la kuchekea, na sikujali hata kulikumbuka nililolifuta. Kisha nikaliona limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibanda nikajipongeza. Hilo la altaneta ni dogo mbele ya hili.

Mkuu ameipiga barua chapa na kuacha nafasi wazi. Mke wangu aliisoma mezani, akaniuliza nafasi ile ni ya nini. Nikamwambia. Aliisukuma barua upande wangu, akasema, "Kamuulize. Saa tisa."

Jumamosi, 13 Aprili

Saa tisa. Jua la kati ya mvua mbili, madimbwi kila mahali. Kwenye benchi walikuwa wanne, na mmoja alikuwa yule mama wa mkoba. Nililiegesha gari mbele kabisa, nikafungua boneti, nikasimama pale niliposimama siku ile.

Nilisema yote. Nilitumia ile ile sauti ya mstarini, maana nyingine sina. Niliwaonyesha waya wa bodi na chuma cheupe chini yake, nikawaambia kwamba fundi huyu aliniambia tangu siku ya kwanza nikamkatalia kwa ajili ya rangi, na kwamba aliyesema uongo hapa ni mimi. Yule mama alisema, "Makubwa." Mzee mmoja akauliza kama mimi kweli ndiye yule mwalimu wa Fizikia anayemfundisha mjukuu wake. Nikasema ndiye.

Fundi alikuwa ameegemea mlango, kitambaa mkononi. Nikatoa barua nikampa. Aliisoma. Nikamwona anafika kwenye ile nafasi, anasimama.

"Hapa pako wazi, Mwalimu."

"Silijui," nikasema. "Nimelitafuta kwenye daftari la mahudhurio. Majina nimeyaona yote, la kwako sikulijua ni lipi."

Niliyatamka maneno hayo mbele ya watu wanne, na katika muhula huu wote sijatamka yaliyo mazito zaidi. Yeye hakuonekana kushangaa. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akaomba kalamu. Nikampa yangu nyekundu, ya kusahihishia, ndiyo niliyokuwa nayo. Aliweka barua juu ya boneti ya gari langu akaandika polepole kwa herufi kubwa, majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Kisha akanirudishia karatasi.

"Soma," akasema.

Nilisoma. Sauti yangu ilitoka ndogo. Watu kwenye benchi walinyoosha shingo.

Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka mfukoni.

"Rudia, Mwalimu," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."